Mzee Futi Apimwa Kichwa

Mzee Futi alikuwa amepima watu kwa miaka arobaini na mitatu bila yeye mwenyewe kupimwa na mtu, kwa hiyo siku alipoambiwa kwamba Alhamisi atapelekwa kupimwa, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa hili: "Kiuno au kifua?"

"Kichwa," akasema mwanawe.

"Kwani nashonewa kofia?"

"Si kofia, baba. Akili."

Hapo mzee akaweka mkasi mezani, taratibu, maana alijua kwamba mtu aliyeambiwa neno kama hilo hapaswi kuwa na mkasi mkononi.

Huyo mwanawe watu walimwita Meneja. Alikuwa meneja wa bohari ya maji ya chupa katika mji mwingine, ni kweli, lakini jina lilimfaa tangu ana miaka sita, alipokuwa akiwapanga watoto wenzake foleni hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kugawiwa. Si mtoto mbaya, tusimsingizie. Ana adabu, anasalimia, anapiga simu kila Jumapili. Ila kuna watu wakiona jambo limekaa upande hawapati raha mpaka wamelinyoosha, na safari hii jambo lililokaa upande lilikuwa suti yake mwenyewe. Ngoja niwaeleze, maana bila suti hamtaelewa kitu.

Duka la Mzee Futi lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mbele ya pazia palikuwa na kioo kirefu, kigoda cha wateja wafupi, na mzee mwenyewe akiwa na futi yake shingoni, ile ya kitambaa iliyompa jina. Nyuma ya pazia palikuwa na cherehani mbili, pasi, meza ya kukatia, na mkewe, ambaye wateja walimwita Bi Daftari ingawa hajawahi kuandika hata namba moja maishani mwake. Kazi yao ilikwenda hivi. Mzee anamzungushia mteja futi, anasoma, anageuza shingo kuelekea kwenye pazia na kupaza sauti: "Kiuno thelathini na sita!" Na nyuma ya pazia sauti inajibu: "Thelathini na sita!" "Paja ishirini na tano!" "Ishirini na tano!" Wiki mbili baadaye, wakati wa kukata, mzee anauliza tu, "Yule wa kitambaa cha kijivu?" na Bi Daftari, huku anatunga uzi kwenye sindano, anamtajia mtu mzima mzima kuanzia shingo mpaka kisigino, na mara nyingine anaongeza kwamba huyo bega lake la kushoto limeshuka kidogo.

Sasa, Mzee Futi aliamini kwamba kumbukumbu hiyo ilikuwa yake. Weee, hapo usimguse! Alijisifu barabarani, alijisifu kwa kinyozi, alijisifu mbele ya mkewe mwenyewe. Mkewe kwake alikuwa mtu wa kuitikia tu, kama watu wanavyoitikia wimbo, na mwimbaji alikuwa yeye.

Basi binti yao mkubwa akajifungua, na Bi Daftari akaenda kumlea mzazi kwa wiki tatu. Mzee akabaki na pazia. Akapima watu kama kawaida, akapaza sauti kama kawaida, pazia likanyamaza, naye kwa kiburi cha fundi akajiambia, si neno, vipimo ninavyo. Thubutu! Siku ya kukata ilipofika alikuwa na vitambaa tisa mezani na kichwani hana hata kiuno kimoja. Mtu mwingine angewaita wateja awapime upya. Yeye akaona aibu, akakata kwa macho.

Matokeo yake mji mzima uliyaona. Mwalimu mkuu alipata suruali ambayo zipu yake ilianzia karibu na magoti. Mama wa duka la dawa alipata gauni ambalo angeweza kuingia yeye na kaunta yake. Na Meneja, ambaye alipita siku hizo hizo kushonewa suti ya sherehe ya kupandishwa cheo, alipata koti lenye mikono iliyokomea kwenye viwiko na suruali ya watu wawili. Hakuwa na muda wa kutafuta nyingine. Akapanda jukwaani ameshikilia suruali kwa mkono wa kushoto, akapokea cheti kwa mkono wa kulia, na yote yangekwisha salama kama mkurugenzi asingekuwa mtu wa kukumbatia. Picha ipo. Wafanyakazi wa bohari waliitundika ukutani kwa siku mbili.

Kwa hiyo Meneja hakuja kwa baba yake na hasira, alikuja na huruma, na huruma ya Meneja ni mbaya kuliko hasira yake. Alikuwa ameuliza, amesoma, amepanga. Kuna kipimo, alisema, wanapimwa wazee, maswali na michoro, alama thelathini. Mtu akipata ishirini kwenda juu yuko salama. Akipata chini ya ishirini, basi asiachwe kuishi kama zamani. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, baba. Ukipata chini ya ishirini tunafunga duka. Wewe utakuja kwangu, chumba kipo. Mama atakwenda kwa dada, kule kuna mtoto mchanga na wanamhitaji."

"Kwako na kwa dada yako kuna umbali gani?" akauliza mzee, kana kwamba hajui.

"Siku nzima kwa basi. Lakini mtapigiana simu."

Bi Daftari alikuwa amerudi siku nne nyuma. Alisimama na pasi mkononi mpaka harufu ikamwambia kwamba kola ya mtu inaungua. Mzee Futi naye akaanza kuokota vipande vya kitambaa sakafuni, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Wiki zile tatu alizokaa peke yake alikuwa akila amesimama kwa sababu hakuona maana ya kuandaa meza, na sasa mwanawe mwenyewe, aliyemzaa na kumshonea kaptura za shule, alikuwa anamwandalia maisha ya kula amesimama mpaka kufa. Aliogopa. Nasema aliogopa, sisemi alisikitika.

"Nitapata ishirini na tisa," akasema. "Moja nitawaachia."

Alhamisi wakaenda. Kliniki ilikuwa na korido ndefu yenye rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu yake, benchi la mbao lililojaa wazee, na feni iliyokuwa inazungukazunguka kama mtu aliyelazimishwa. Nesi wa kipimo alikuwa dada mwembamba mwenye saa iliyobandikwa kifuani na penseli sikioni. Mzee Futi alimpenda kwa ajili ya ile penseli.

"Anaingia mwenyewe peke yake," akasema nesi. "Ndugu wasubiri hapa koridoni, tafadhali."

Bi Daftari akakaa kwenye benchi karibu kabisa na mlango, mkoba mapajani. Meneja akasimama, maana hakukuwa na foleni ya kupanga.

Mwanzo ulikwenda vizuri. "Leo ni siku gani, mzee?"

"Alhamisi, tarehe kumi na nne. Na Jumamosi wanachukua nguo za harusi, kwa hiyo usinicheleweshe, mwanangu."

"Vizuri sana. Na hapa tulipo ni wapi?"

"Kwako."

"Yaani hapa panaitwaje?"

"Wewe ndiye mwenye ofisi, unaniuliza mimi?"

Nesi akasita kidogo na penseli, kisha akakata alama moja. Mzee hakuona, alikuwa anaangalia pindo la sare yake, ambalo kwa kweli lilishonwa ovyo.

Akapewa mchoro wa sanduku aunakili. Akautazama, akatikisa kichwa. "Aliyekuchorea huyu hajui kukata. Upande wa nyuma ni mfupi kuliko wa mbele." Hata hivyo akachora, akapima kwa futi, na alipomaliza akazungushia sanduku zima mstari wa nukta.

"Mzee, hizi nukta hazimo kwenye mchoro wangu."

"Ndiyo kosa lake. Hiyo ni nafasi ya mshono. Ukikata bila nafasi ya mshono, mwanangu, sanduku lako halitafunga."

Hapo pia alama ikaenda. Saa, lakini, aliichora hata nesi akainyanyua karatasi kuitazama kwenye mwanga: duara safi, namba kumi na mbili zimekaa kwa nafasi sawa, mishale mahali pake. Mzee akaanza kujisikia. Akajua ishirini na tisa haiko mbali.

"Sasa," akasema nesi, "nitakusomea maneno matano. Utayarudia, kisha uyaweke kichwani, maana mwishoni nitakuuliza tena. Sahani. Tembo. Kamba. Mvua. Kiti."

Na hapa, jamani, ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Futi hakufikiri. Mtu aliyefanya jambo moja kwa miaka arobaini na mitatu hafikiri. Aligeuza shingo kuelekea mlangoni na kupaza sauti:

"Sahani!"

"Sahani!" ikajibu korido.

"Tembo!"

"Tembo!"

Mpaka kwenye kamba, wazee wawili wa benchini walikuwa wameshajiunga, wakidhani ndivyo utaratibu ulivyo. Kwenye mvua liliitikia benchi zima. Na kwenye kiti kuna bibi mmoja aliyenogewa, akaitikia mara mbili.

Nesi akafungua mlango. Bi Daftari alikuwa ametulia tuli, uso wa mtu aliye kazini.

"Mama, naomba usimjibu."

"Sijamjibu, mwanangu," akasema Bi Daftari. "Nimepokea."

Nesi akaufunga mlango vizuri, akarudi kwenye kiti chake. "Sasa tufanye hesabu. Anza na mia, toa saba."

"Tisini na tatu!" Ilikuwa kufumba na kufumbua, na kwa sauti ya kupasua ubao. Kwa mbali, nyuma ya mbao za mlango, ikasikika: "Tisini na tatu."

"Sawa. Endelea, toa saba tena."

"Kutoka ngapi?"

"Kutoka hiyo uliyoisema sasa hivi."

"Nimeshaisema hiyo."

"Ndiyo, mzee, umeisema. Ni ngapi?"

Mzee akamtazama nesi kwa mshangao wa kweli. Kwake namba ikishatajwa imekwenda. Mtu akishatia barua posta, nani tena anaisaka mfukoni? Akageuza sikio mlangoni, akangoja. Nesi naye akaelewa anachongoja, akatoka, na safari hii akamshika Bi Daftari mkono kwa heshima zote, akampeleka mpaka mwisho wa ua, kwenye bomba la maji, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Akarudi. "Haya. Toa saba."

Korido kimya. Wazee benchini wametulia, wameshakatazwa. Mzee Futi akategea sikio, akategea tena. Ukimya ule aliujua. Ulikuwa ule ule wa wiki tatu, wa pazia, na sasa kwa mara ya kwanza hakuweza kujidanganya. Akatafuta namba kichwani, akakuta peupe kama kitambaa kisichoguswa na chaki. Si kwamba ilikuwepo ikapotea. Haikuwahi kuwekwa humo. Miaka yote ile, viuno vyote vile, mabega yote ya mji huu, hakuna hata kimoja kilichowahi kulala kichwani mwake. Mikono ikaivua futi shingoni, ikaanza kuikunja na kuikunjua.

"Tuache hesabu," akasema nesi polepole, maana aliona mikono. "Tumalizie. Yale maneno matano niliyokusomea, unaweza kunitajia?"

"Nimeshayatoa."

"Umeyatoa wapi?"

"Nje. Nimempa mama watoto."

"Nilikuomba uyahifadhi, mzee."

"Ndiyo, nimeyahifadhi. Kwake."

"Jaribu hata moja."

Mzee akafumba macho. "Kulikuwa na mnyama."

"Mnyama gani?"

"Mkubwa."

"Jina lake?"

"Jina analo mke wangu," akasema Mzee Futi, na sauti ilimtoka ndogo sana, sauti ambayo wateja wake wasingeijua.

Nesi akajumlisha. Akajumlisha tena, kwa sababu hakuipenda jumla. Kumi na tisa.

Meneja akaitwa, na Bi Daftari akarudishwa kutoka bombani. Nesi akaisema ile namba. Meneja akaipokea, akakaa, akavua miwani yake akaifuta ingawa ilikuwa safi. Sitaki mdhani alifurahi. Alitaka kuwa na haki, na sasa alipoipata hakujua aiweke wapi. "Basi, baba," akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana," akasema mzee.

"Nitampigia dada. Mama anaweza kwenda Jumapili, na wewe nitakuchukua..."

Mlango ukafunguka. Ni yule bibi aliyeitikia kiti mara mbili, zamu yake ilikuwa inafuata. "Sahani, tembo, kamba, mvua, kiti," akasema kwa mkupuo mmoja. "Naweza kwenda nyumbani?"

"Bado, bibi," akasema nesi.

"Kuna mengine? Sema, nina nafasi."

Akatolewa kwa upole. Lakini nesi alibaki amesimama na mkono kwenye kitasa, anamtazama Bi Daftari, kama mtu aliyeona uzi unaning'inia na hajui aukate au auvute.

"Mama," akasema, "wewe unayo?"

"Sahani, tembo, kamba, mvua, kiti," akasema Bi Daftari. "Tisini na tatu. Kisha ukanipeleka bombani, sikupokea kingine. Lakini kama alikuwa anatoa saba, basi ni themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano. Na ulipokuwa unamwandikisha asubuhi ulisema faili lake ni mia nne na kumi na saba, na wewe mwenyewe ulimwambia mwenzako kwamba viatu vinakubana."

Meneja akavitazama viatu vya nesi.

"Keti, mama," akasema nesi, akachukua karatasi mpya. "Mzee, na wewe kaka, naomba mngoje nje."

Wakakaa benchini, baba na mwana, hawaangaliani. Ndani maneno matano mapya yalisomwa na kurudishwa kama sarafu za chenji, moja baada ya moja bila kukosea. Hesabu ikapita kama maji. Kisha, kupitia mbao za mlango, ikaja sauti ya Bi Daftari, na haikuwa sauti ya kazini:

"Baba watoto! Sita inakaa wapi?"

Mzee Futi akainuka kabla hajajua ameinuka. "Chini kabisa! Penye pindo!"

"Penye pindo!" ikajibu sauti nyingine, na ilikuwa ya nesi mwenyewe. Baadaye aliapa kwamba hakusema.

Mlango ulipofunguliwa, saa ya Bi Daftari ilikuwa mezani. Duara lilikuwa kiazi, na namba zote zilijazana upande mmoja kama kuku waliomwagiwa mtama. Sanduku lake halikuwa sanduku, lilikuwa ugomvi wa mistari. Na alipoonyeshwa picha ya kifaru alisema ni ng'ombe mgonjwa, ya ngamia akasema ni ng'ombe huyo huyo amezidiwa.

"Kuchora si kazi yangu," akasema. "Kuchora, kupima na kukata ni kwake. Na miwani anayo yeye."

"Miwani yako anayo mzee?"

"Yetu. Ni moja. Leo ilikuwa zamu yake, si ndiye anayepimwa?"

Nesi akaangalia pua ya Mzee Futi, ambapo kweli palikuwa na miwani ya kike yenye maua pembeni. Akajumlisha.

"Kumi na nane," akasema.

"Wote wawili?" Meneja alishika kichwa. "Mungu wangu, wote wawili? Nimemleta mmoja tu!"

"Ngoja," akasema nesi, akaketi kwenye pembe ya meza, jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa. "Nisikilize, kaka. Hiki ni chekeche tu, si hakimu. Kinaniambia nani nimtazame vizuri, hakiniambii nani ahame nyumbani kwake. Nitawaandikia wote wawili waonane na daktari. Watapimwa macho, masikio na damu, na kila mmoja atafute miwani yake, kwa jina la Mungu. Baada ya miezi sita warudi. Inawezekana kuna tatizo, sikufichi. Baba yako amesahau zaidi ya ninavyopenda. Lakini umeniuliza habari za kuwatenganisha?"

"Sijakuuliza."

"Niulize."

"Haya, nakuuliza."

"Ukiwatenganisha leo utapata wagonjwa wawili. Wakiwa pamoja, sina hakika kama ninaye hata mmoja."

Benchi la koridoni, ambalo lilikuwa limesogea lote mpaka mlangoni bila mtu kuliona likisogea, likaguna kwa kukubali. Bibi wa viti viwili akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na mzee mmoja akamwambia anyamaze, hili si jambo la chawa.

Meneja si mjinga, nawaambia tena. Aliyasikia yote. Akawatazama wazazi wake, mama anayemvua mumewe miwani ili aangalie ile saa aliyoichora, akaiona, akashtuka, akacheka mpaka akajipangusa machozi. Na baba anayemwelekeza kwa kidole, tatu hapa, tisa pale. Na badala ya kutulia, uso wake ukazidi kuwa mzito, mpaka likamtoka lile lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo, ambalo halikuwa suti, wala picha, wala ishirini.

"Sawa," akasema. "Leo mpo wote. Nimekubali. Lakini siku moja, baba, mama hatakuwepo. Sisemi kwa ubaya. Wiki tatu tu alikuwa kwa dada, na nikakukuta umekonda, duka limepinduka, unaongea na pazia. Mimi naogopa. Siku mama hayupo, utafanyaje? Utakumbukaje?"

Bi Daftari aliacha kucheka, akaitazama sakafu. Ni swali ambalo watu huliulizia pembeni, wazee wakiwa wamelala, na huyu kijana alikuwa ameliuliza mchana kweupe mbele ya benchi zima.

Mzee Futi hakukasirika. Alifikiri, na alipofikiri alifikiri kweli, maana lilikuwa swali la kwanza siku ile ambalo jibu lake lilikuwa kichwani mwake mwenyewe.

"Siku hiyo, mwanangu," akasema, "hata nikikumbuka kila kitu, nitamwambia nani?"

Meneja akageukia dirisha. Akatazama ua, bomba, na ndoo iliyopinduliwa ambayo mama yake alikalishwa. Kisha akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akangoja ipokelewe.

"Dada," akasema, kisha akawageukia wazazi wake. "Dada, tafuta yaya."